Kufunga Bomba Lisilo na Maji

Fundi bomba wa Bel-Air mara nyingi hutengeneza bomba kavu. Ameitwa kwa sababu usiku ukuta wa jikoni ulilowa, au ua uligeuka tope. Akifika asubuhi, mtaa mzima hauna tone. Anafukua, anakata, anaunga, anakusanya vyombo vyake, na kiungo alichokikaza hajakiona kikibeba maji. Maji yatarudi saa nane za usiku, au kesho kutwa, naye atakuwa kwake amelala. Mwenzake wa mji ambao bomba halikauki hufungua koki, hupapasa kiungo kwa kidole, akikuta pakavu hudai hela yake na kwenda zake. Huyu wa kwetu hukabidhi kazi ambayo hajaijaribu, tena kwa majirani watakaomtaja kwa jina ikivuja. Kadiri ninavyowatazama mafundi hawa ndivyo ninavyoona kwamba ustadi wao wote umejengeka juu ya shida hiyo moja: mkono lazima ujue kile ambacho jicho halitapata nafasi ya kukikagua.

Kwa asiyepajua, Bel-Air ni mtaa wa komini ya Kampemba, jirani na Ruashi, katika jiji la Lubumbashi lililoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, juu ya uwanda wenye kimo cha mita kama 1,200. Maji ya bomba ni ya Regideso, shirika lililoundwa mwaka 1939, na hupandishwa kwa pampu, kutoka Kimilolo na kwingineko. Pampu hula umeme wa SNEL, shirika la umeme. Umeme ukikatika, pampu husimama, na mabomba ya mitaani hubaki na hewa tupu. Mwaka 2008 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa maji ya mijini, ule unaoitwa PEMU, kwa ajili ya Kinshasa, Lubumbashi na Matadi. Mwaka 2015 ikaja sheria ya maji iliyowafungulia mlango watu binafsi. Wenye parseli, yaani viwanja, waliokuwa na uwezo hawakungoja mradi wala sheria: walichimba foraji, yaani visima virefu, wakasimamisha tangi juu ya mnara wa chuma au wa matofali, wakaunga bomba la tangi na lile la Regideso ndani ya nyumba moja.

Kwa hiyo nyumba ina maji mawili, na tabia zao hazifanani. Kila mita 10 za kimo huzaa presha ya bari 1. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 5 linasukuma kwa nusu bari, basi. Robine, yaani koki, ikifunguliwa maji hutoka kwa adabu. Maji ya Regideso yakirudi katikati ya usiku, wakati watu wengi hawayatumii, yanaweza kuja na presha mara kadhaa zaidi ya hiyo. Mwenye nyumba akimwambia fundi, "Tujaribu na maji ya tangi, tuone kama inashika," fundi hujaribu ili kumridhisha, lakini moyoni hajaridhika yeye. Kiungo kilichoshika kwa nusu bari hakijasema lolote kuhusu kile kitakachotokea usiku. Isitoshe, ni lazima kati ya maji hayo mawili pawekwe klape, ile vali ya kupitisha maji upande mmoja tu, la sivyo siku Regideso ikikauka tangi lote litashuka taratibu kwenda mtaani kunywesha bomba la umma. Nimesikia watu wakilaani foraji yao kwamba imekauka, na foraji haikuwa na kosa. Klape ya bei ndogo ndiyo iliyokosekana.

Dharura yenyewe huanza kwenye simu. Sauti ya juu, watoto wanapiga kelele nyuma, ndoo zinagongana: "Papa, mayi inajaa mu nyumba!" Fundi anayejua kazi haulizi ni bomba gani wala limepasuka wapi. "Mama, funga kwanza vane, njo tutasema." Kisha huvuta pumzi, kwa kuwa analijua swali linalofuata: vane, ile vali kuu ya nyumba, iko wapi? Katika nyumba nyingi hakuna mtu aliyewahi kuigusa tangu ifungwe. Iko chini ya mchanga karibu na mita, au aliyetengeneza baraza aliimwagia sementi, au imeshika kutu hata mpini wake ukivunjika mkononi. Huwa nawaambia wenye nyumba, na wengi hunicheka, kwamba vane izungushwe mara moja moja hata kama hakuna haja, ifungwe na kufunguliwa, ili ikumbuke kazi yake. Mjenzi anayeificha chini ya sakafu kwa sababu haipendezi machoni, kwangu mimi amefanya kosa kubwa kuliko aliyejenga ukuta uliopinda.

Vane ikigoma, kinachofuata ni kazi ya mikono mitupu, na hapo mafundi wa Lubumbashi wana hazina yao. Bomba lililokatika hupigiliwa kigingi cha mti laini kilichochongwa kwa ncha. Mti huo huvimba ukinywa maji, na baada ya muda mfupi huziba vizuri kuliko ulipoingizwa. Bomba lenye ufa hufungwa kwa utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mji huu, ambao makala yake, yaani mkaa, huingia kutoka porini juu ya baiskeli, haukosi tyubu mbovu. Utepe huanza kufungwa mbali na ufa, palipo pazima, unavutwa mpaka unakuwa mwembamba, kila mzunguko unapanda nusu ya mwenzake, unapita juu ya ufa na kuendelea hadi upande wa pili. Anayeanza juu ya ufa moja kwa moja hulowa uso na hupoteza mpira. Halafu waya. Halafu fundi hufungua robine ya chini kabisa ya nyumba ili maji yaliyobaki yatokee hapo badala ya kutokea ukutani. Hayo yote ni ya kutuliza tu. Fundi akiondoka hapo na kudai amemaliza, si fundi.

Kazi huanza bomba likishakauka. Mabomba ya nyumba za zamani ni ya chuma kilichopakwa zinki, na viungo vyake hushikana kwa nyuzi zilizochongwa, ile mizunguko ya skrubu iliyo mwishoni mwa bomba. Vipimo vya nyuzi hizo vina ukoo mrefu: Joseph Whitworth, mhandisi wa Uingereza, alipendekeza mwaka 1841 nyuzi zote zichongwe kwa pembe moja ya digrii 55, na hata leo bomba la nusu inchi linalouzwa Lubumbashi lina nyuzi 14 kwa kila inchi moja. Chuma kwa chuma, hata kikikazwa namna gani, huacha njia nyembamba ambayo maji yataipata. Njia hiyo ndiyo inayozibwa kwa filasi, nyuzi ndefu za kitani au za katani zinazouzwa kwa fungu.

Mtazame fundi mwenye subira akifunga filasi. Kwanza huchukua kipande cha msumeno wa chuma na kuyakwaruza meno ya nyuzi mpaka yapoteze ule wororo wa kiwandani, kwa sababu filasi haishiki mahali laini. Itasukumwa nje yote wakati wa kukaza. Anachambua fungu dogo, anaondoa mafundo, anaanza kwenye ncha ya bomba na kurudi nyuma, akifuata upande ule ule ambao kiungo kitazungushwa. Akikosea upande, kukaza kwenyewe kutaifumua kazi. Filasi hulala ndani ya mabonde ya nyuzi kama nywele zinavyolala kati ya mistari ya msusi anayejua kugawa kichwa: haijazani katikati, haipungui pembeni. Wasiojua huweka nyingi wakidhani ndiyo usalama. Kiungo cha chuma cha kutupwa kikibanwa na filasi nyingi kupita kiasi hupasuka, na ufa wake ni mwembamba kiasi kwamba hutauona mchana huo wa bomba kavu. Utauona usiku.

Kisha mafuta maalumu ya kupaka, kidogo, yakisuguliwa kwa kidole gumba kufuata nyuzi. Na hapa ndipo ukavu wa bomba unapoingia katika hesabu. Uzuri wa filasi ni kwamba huvimba ikilowa. Ubaya wake ni kwamba husinyaa ikikaa kavu muda mrefu. Katika mji wa maji ya saa zote, hulowa siku ya kwanza na haikauki tena. Katika Bel-Air hulowa, hukauka, hulowa tena, na kiungo kilichopona mwezi wa kwanza kinaweza kuanza kulia mwezi wa Agosti baada ya wiki za ukame wa kiangazi. Yale mafuta ndiyo yanayoizuia isisinyae, kwa hiyo fundi anayeyabania ili kuokoa hela anaiba bila yeye mwenyewe kujua. Wengine hupitisha juu ya filasi mizunguko michache ya utepe mweupe wa Teflon. Kitu hicho kiligunduliwa kwa bahati mwaka 1938 na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alipokuwa akitafuta gesi ya majokofu. Hakivimbi, hakisinyai, hakiozi. Lakini hakisamehe: ukikaza kiungo cha Teflon kupita pale ulipotaka, ukakirudisha nyuma kidogo ili robine isimame sawasawa, umeshakiharibu na lazima uanze upya. Filasi huvumilia kurudishwa kidogo. Ndiyo maana wazee wa kazi hii, watu waliozoea kufunga robine kwenye ukuta usionyooka, bado wana fungu la filasi kwenye mkoba, na vijana wanaowacheka kwa mambo ya kale huomba kipande kazi ikiwa ngumu.

Ninachokipenda zaidi ni kukaza. Fundi huanza kwa mkono mtupu, na idadi ya mizunguko ambayo kiungo kinakubali kabla ya spana ndiyo inayomwambia kama filasi imetosha. Kikiingia chote kwa mkono, hakifai. Anafungua, anasafisha, anaanza tena, na hakuna aliyemwamuru. Kikigoma mapema, vilevile. Kikikubali mizunguko mitatu hivi kisha kikawa kizito, anachukua spana ya bomba, anashika bomba kwa spana ya pili ili nguvu zisiende kwenye kiungo kingine kilichomo ukutani, na anavuta kwa kuegemea badala ya kuruka. Kuna mahali uzito unaongezeka sawasawa, na kuna mahali unaongezeka ghafla. Yeye husimama kabla ya huko kwa ghafla. Muulize amejuaje, atakuonyesha kiganja.

Huwaaga wenye nyumba kwa maelekezo yanayoshangaza asiyezoea: "Maji yakikuja usiku, kikitoa machozi kidogo, musikiguse. Mpaka asubuhi kitanyamaza." Na hunyamaza kweli, filasi ikishakunywa. Kutofautisha machozi ya namna hiyo na uvujaji wa kweli, kabla havijatokea, na kumwachia mama wa nyumba maneno yatakayomfaa akiwa na tochi mkononi usiku, ni sehemu ya ufundi sawa na kushika spana.

Nyumba mpya hazina chuma. Zina plastiki ya PVC, na hapo ukavu unaokisumbua kiungo cha filasi unageuka kuwa neema, maana gundi ya PVC haipendi unyevu na hudai saa kadhaa za kutulia kabla ya kubeba presha. Fundi wa mji wa maji mengi huhangaika kulikausha bomba linalodondoka. Wa kwetu hulikuta tayari. Duka likiwa limefungwa, au kiungo cha kipimo kile hakipo, anaomba mbabula, jiko la mkaa. Mama huitoa jikoni na makala yake mekundu. Fundi huishika ncha ya bomba juu ya joto, mbali na ndimi za moto, akilizungusha bila kusimama. PVC huanza kulegea kwenye joto la digrii kama 80, na dalili yake ni mng'ao unaofifia kwanza, kisha ncha inayotaka kuinama kwa uzito wake mwenyewe. Ikianza kutoa harufu kali au kugeuka rangi ya kahawia amechelewa; moshi huo una tindikali na kipande hicho ni cha kukatwa na kutupwa. Kikiwa tayari, anakivisha juu ya bomba jingine lililopakwa sabuni, anakisukuma kwa kina cha vidole vitatu, anakizungushia kitambaa kilicholowa, anahesabu kimoyomoyo. Anakivua, na bomba limepata mdomo wake. Anaufuta sabuni, anaukwaruza kwa karatasi ya msasa, anapaka gundi.

Wahandisi hawaipendi njia hiyo, na wana haki: kuta za bomba hupungua unene pale zilipotanuliwa, na kiungo cha kiwandani hakina shaka hiyo. Mimi huwasikiliza wahandisi. Lakini nikiona mdomo uliotengenezwa na mkono mtulivu, wenye unene sawa pande zote, usio na kovu la moto hata moja, siwezi kujizuia kuusifu.

Jambo la kuchekesha kidogo: Katanga hii ndiyo ya misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha karne nyingi kabla ya reli, na jiji hili ndilo lililoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911 penye tanuri lenye bomba la moshi linaloonekana mpaka leo. Nchi za mbali zimesambaza maji katika nyumba zao kwa mabomba ya shaba. Bel-Air inatumia zinki na plastiki. Mafundi wakiulizwa hujibu kwamba shaba ikionekana ukutani haitalala hapo hadi asubuhi.

Maji yakirudi, hewa hutangulia. Robine hukohoa, hutema, hupiga mluzi, na kina mama wengi wameacha robine moja wazi juu ya ndoo tupu ili mlio huo uwaamshe wajaze bidoni. Ni busara, mradi aliyeiacha yupo. Dharura nyingi za Jumapili huzaliwa hivi: watu wamefungua robine, hawakupata kitu, wamesahau kuifunga, wamekwenda kanisani, ibada ikifika katikati maji yanarudi na kuanza kutafuta mlango wa chumba cha kulala. Hakuna kilichopasuka. Fundi anaitwa hata hivyo, na mwenye utu hadai hela.

Kinachovunja mabomba hasa ni kasi. Nikolai Zhukovsky wa Moscow alichunguza jambo hilo kwenye mabomba ya maji ya mji wake na kuchapisha hesabu zake mwaka 1898: maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma, yakisimamishwa ghafla, huongeza presha kwa bari kama 12 kwa kufumba na kufumbua. Bomba tupu likijaa, maji hukimbia yakiwa hayana cha kuyazuia isipokuwa hewa. Hewa ikitoka yote kwa ghafla, yanagonga robine iliyofungwa, na kiungo dhaifu kuliko vyote ndicho kinacholipa. Kwa hiyo fundi huagiza vane ifunguliwe nusu tu siku ya kwanza baada ya matengenezo, na robine ya mbali zaidi iachwe inapumua kidogo, kisha ifungwe polepole. Hajasoma Zhukovsky. Amefukua nyufa za kutosha kujua zinakopenda kutokea: kwenye viwiko, na mwisho wa mistari mirefu.

Bomba tupu lina hatari nyingine ambayo fundi hodari huikumbuka hata mwenye nyumba asipoiuliza. Lisipokuwa na presha, ufa uliokuwa ukitoa maji huanza kuyavuta ya nje, na udongo wa parseli yenye shimo la choo karibu si udongo wa kuvutwa ndani ya bomba la kunywa. Mkoa wetu wa Haut-Katanga unakifahamu kipindupindu vya kutosha. Nimemwona fundi akienda kununua kiwiko na kabla ya kuondoka akaziba midomo yote miwili ya bomba kwa mifuko ya plastiki na kamba, shimo likiwa kavu kabisa na safari yenyewe ya dakika chache. Aliporudi alinawa mikono ndipo akaifungua. Baada ya kuunga alimimina maji yenye javele, ile dawa ya kuua vijidudu, ndani ya bomba, akaagiza maji ya kwanza ya usiku yamwagwe na yasipikiwe. Msaidizi wake, kijana aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, aliambiwa aitazame mifuko ile na aeleze kwa nini imefungwa. Alijibu vibaya, akaambiwa ajibu tena.

Lililobaki ni shimo. Wenye nyumba hupenda lifukiwe jioni ile ile: kuna kuku, kuna watoto, kuanzia Novemba kuna mvua, na jirani anapita akiuliza maswali. Fundi ninayemsifu hukataa. Huweka mbao juu yake, jiwe kila upande, na kusema udongo utarudi bomba likishapitisha maji usiku mmoja, kwani kiungo kilichofukiwa kikivuja kitafanya hivyo wiki mbili bila mtu kujua, mpaka mita au msingi wa nyumba utoe habari. Hupokea nusu ya hela na kuacha nusu kwa mwenye nyumba. Kuja kuangalia asubuhi hakutozi. Kufukia si kazi yake. Mwenye nyumba akishikilia kwamba lifukiwe leo, fundi hapandishi sauti. Anadai hela yote palepale, anamwita jirani mmoja asikie, anasema kwamba dhamana yake imeishia hapo, na anampa mwenye nyumba jembe.